PRP kwenye pandikizi la mfupa wa taya: inasaidia wapi, na wapi tunajifurahisha tu

Taya la Chini (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Swali la PRP (platelet-rich plasma, plazma ya damu ya mgonjwa mwenyewe iliyokusanyiwa chembe sahani) limekuwa likirudi humu kila mara, na majibu yake huwa mawili: "huo ni muujiza, damu yako mwenyewe inakuponya" au "utapeli mtupu". Mimi niko kwenye upasuaji wa kinywa na taya. Kuna wagonjwa nawawekea PRP na kuna wagonjwa naiacha kwa makusudi, na sababu ni ileile kwa wote: inategemea unaiweka juu ya nini. Nitaandika kwa vipande maana ni mrefu. Anayetaka tafiti aruke hadi kipande cha tatu, ila akisema hajaelewa nitamrudisha hapa.

KIPANDE CHA KWANZA: PANDIKIZI LENYEWE

Mfupa wa taya ukipungua, iwe kwa uvimbe uliokatwa, ajali, ufa wa kuzaliwa nao kwenye ufizi, au jino lililong'olewa zamani mfupa ukasinyaa, daktari anajaza pengo. Anaweza kutumia mfupa wa mgonjwa mwenyewe: wa nyongani, wa kidevuni, au wa nyuma ya taya karibu na gego la mwisho. Anaweza kutumia mfupa wa marehemu uliosafishwa na kukaushwa, mfupa wa ng'ombe ulioondolewa kila kitu yakabaki madini tu, au punje zilizotengenezwa kiwandani. Zikiwa bakulini unaweza kudhani ni kitu kimoja. Zikishaingia mwilini hazifanani hata kidogo. Uboho wa nyonga unakuja na seli hai zinazojua kujenga mfupa. Mfupa wa ng'ombe ni kiunzi: seli za jirani ndizo zinazoupanda na kujenga juu yake, taratibu, kutoka kingoni kwenda katikati.

Shikeni tofauti hiyo, nitairudia.

Sasa PRP. Ni plazma yenye chembe sahani nyingi kuliko kawaida. Mgonjwa anatolewa damu, inachanganywa na dawa ya kuizuia isigande, kisha inazungushwa kwenye mashine. Chembe nyekundu ni nzito, zinakaa chini; plazma ya manjano inabaki juu; katikati unapata utando mwembamba wa weupe wenye chembe nyeupe na chembe sahani. Mzunguko wa pili unazikusanya chembe sahani ndani ya plazma kidogo. Hiyo ndiyo inayochanganywa na pandikizi, baada ya kuamshwa kwa kalsiamu iwe kama uji mzito.

Nusu Kaputi

Nipo siti ya mbele. Endelea mkuu.

Gego la Juu

Samahani nakukatisha. Mimi gego la juu lilishang'olewa siku nyingi, sasa nataka jino la kupandikiza. Daktari kasema mfupa umebaki mwembamba kwa sababu uwazi wa sainasi (chumba cha hewa kilicho juu ya meno ya juu) umeshuka, hivyo watainua sakafu ya sainasi na kujaza mfupa wa ng'ombe, halafu "tutaongeza PRP ipone haraka". Nikubali?

Taya la Chini

Ndugu yangu, hilo neno "haraka" ndilo limenifanya nifungue uzi. Vuta subira, nikifika huko nitakujibu kwa jina.

KIPANDE CHA PILI: CHEMBE SAHANI ZINAFANYA NINI MLE NDANI

Chembe sahani si seli kamili. Ni vipande vilivyomeguka kutoka seli kubwa za kwenye uboho, havina kiini, vina upana wa mikroni 2 hadi 3 na vinaishi siku 7 hadi 10. Mtu mwenye afya ana kama 150,000 hadi 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Wengi tunazijua kwa kuziba jeraha. Ila ndani yake kuna vifuko vidogo vilivyojaa protini za kuita seli nyingine na kuziamsha: PDGF, TGF-beta, EGF, na VEGF ambayo kazi yake ni kuchochea mishipa mipya ya damu. Chembe ikiamshwa inamwaga akiba hiyo papo hapo. Inaanza ndani ya dakika 10, na saa moja ikipita karibu yote iliyokuwa imehifadhiwa imeshatoka.

Saa moja, wakuu. Linganisheni na muda wa mfupa.

Pandikizi likishawekwa na ufizi kushonwa, mle ndani ni pagumu: damu iliyoganda, oksijeni haba, tindikali juu, seli chache zilizonusurika zinakula zinachokipata kwa kupenyezewa tu. Kuanzia siku ya 3 hivi vichipukizi vya mishipa ya damu vinaanza kuingia. Wiki mbili na ushee pandikizi lote limeshapenywa. Wakati huo chembe sahani zimeshakufa zamani. Makrofaji, seli za kinga zinazosafisha jeraha, ndio wameshika zamu ya kutoa vichocheo. Kati ya wiki ya 4 na ya 6 unapata mfupa mchanga usio na mpangilio, kisha miezi inayofuata mfupa huo unaliwa na kujengwa upya kwa kufuata mzigo unaoubeba.

Kwa hiyo PRP ni filimbi ya kuanzisha mechi. Inapulizwa kwa nguvu, mara moja. Kama wachezaji wako uwanjani, wanaanza kukimbia mapema. Kama hawapo, umepuliza filimbi tu.

Jambo jingine ambalo wauzaji wa mashine hawalisemi kwa sauti: PRP peke yake haiumbi mfupa. Protini zenye uwezo wa kuibadili seli changa iwe ya mfupa ni nyingine, zinaitwa BMP, zilizotokana na kazi ya Marshall Urist ya mwaka 1965, alipoonyesha kwamba mfupa uliotolewa madini ukizikwa kwenye msuli unaweza kuotesha mfupa mpya palepale. PRP huwezi kuidunga msulini ikakuletea mfupa. BMP-2 ya maabara iliruhusiwa nchini Marekani mwaka 2007 kwa kazi ya sainasi na ukingo wa taya, na ina matatizo yake, hasa uvimbe mkubwa, lakini hiyo ni dawa ya aina nyingine kabisa. Msichanganye.

Kizibo

Sasa kama ni saa moja tu, si ndiyo utapeli wenyewe? Mbona mnapamba?

Taya la Chini

Subiri tafiti. Halafu tutagombana vizuri.

KIPANDE CHA TATU: TAFITI

Iliyowasha moto ni ya Robert Marx na wenzake wa Chuo Kikuu cha Miami, mwaka 1998. Wagonjwa 88 waliokuwa wamepoteza kipande cha taya la chini cha sentimita 5 au zaidi, yaani taya limekatika kabisa, halijashikana. Wote walijazwa uboho na mfupa laini wao wenyewe. 44 wakaongezewa PRP, 44 hawakuongezewa. Wakawa wanapiga picha na kukadiria ukomavu wa pandikizi. Miezi 2 baadaye pandikizi lenye PRP lilionekana kukomaa mara 2.16 ya lisilo nayo. Miezi 4, mara 1.88. Miezi 6, mara 1.62. Walipokata vipande vya kupima kwa hadubini miezi 6 baada ya upasuaji, eneo lililojaa mfupa lilikuwa asilimia 74 kwa wenye PRP na asilimia 55 kwa wengine.

Mnaona namba zinavyoshuka? Faida ni kubwa mwanzoni, kisha wengine wanaanza kuwafikia. Hivyo ndivyo kitu kinachoharakisha mwanzo kinavyopaswa kuonekana. Pia angalieni walikoiweka: uboho hai, pengo kubwa, mahali ambapo mwili peke yake usingeziba kamwe.

Baada ya hapo dunia nzima ikanunua mashine. PRP ikawekwa kwenye kila kitu: mfupa wa ng'ombe, punje za kiwandani, shimo la jino lililong'olewa, kuzunguka skrubu za titani za kushikilia jino la kupandikiza. Matokeo yakaanza kutofautiana. Mwaka 2002 Aghaloo na wenzake walitoboa mafuvu ya sungura, matundu manne ya milimita 8 kwa kila mmoja: moja wakaliacha tupu, moja PRP peke yake, moja mfupa wa sungura mwenyewe, moja mfupa huo na PRP. PRP peke yake haikupita tundu tupu kwa maana yoyote, na kuiongeza kwenye mfupa hakukuleta tofauti ya kutegemea. Kwa upande wa sainasi, uchambuzi wa Cochrane (shirika linalokusanya na kupima tafiti) wa mwaka 2014 uliokusanya majaribio ya kuinua sakafu ya sainasi haukupata ushahidi kwamba PRP inaboresha matokeo.

Gego la Juu, sasa zamu yako. Sainasi yako itajazwa mfupa wa ng'ombe ambao hauna seli hata moja hai. Seli zitatoka kwenye kuta za sainasi na zitachukua wiki nyingi kufika katikati. PRP itakuwa imeshamwaga kila kitu ndani ya saa moja ya kwanza. Sisemi itakudhuru. Nasema mtu akikuambia kwa sababu ya PRP atakuwekea jino mapema kuliko kawaida, muulize anategemea nini. Mfupa wa ng'ombe kwenye sainasi kwa kawaida unaachwa miezi kadhaa, mara nyingi 6 au zaidi ikiwa hauna mchanganyiko wa mfupa wako mwenyewe, na filimbi haifupishi hiyo.

Gego la Juu

Dah. Asante mkuu. Nina miadi nyingine kabla ya siku yenyewe, nitamuuliza.

Maabara Usiku

Mimi ni wa maabara, naomba nitie neno, kwa sababu watu wa upasuaji mnaongea kuhusu PRP kana kwamba ni dawa moja yenye kipimo kimoja.

Chukua mililita 60 za damu ya mtu mwenye chembe sahani 250,000 kwa mikrolita. Jumla ana bilioni 15 kwenye mfuko huo. Mashine yako ikikamata asilimia 70, una bilioni 10.5. Ukiziweka kwenye mililita 6 unapata 1,750,000 kwa mikrolita. Ukiziweka kwenye mililita 12 unapata 875,000. Damu ileile, mashine ileile, mtu yuleyule, na zote mbili zimeandikwa "PRP" kwenye faili. Bado hatujagusa mgonjwa ambaye kaanza na 160,000.

Marx mwenyewe alipendekeza baadaye kwamba PRP ya kazi iwe na kama 1,000,000 kwa mikrolita. Na zaidi si bora daima: Weibrich na wenzake mwaka 2004 waliweka PRP kuzunguka skrubu za kupandikiza jino zilizofungwa kwenye mifupa ya sungura, wakaona faida iko karibu na milioni moja. Ikiwa chini sana hakuna kitu. Ikiwa juu sana ujenzi wa mfupa unazubaa. Sasa niambieni, kwenye tafiti mnazogombania humu, ni wangapi waliohesabu chembe sahani za kila mgonjwa kabla na baada?

Na tafadhali msituletee damu kwenye mrija wa EDTA mkataka PRP. Ule ni wa kuhesabia chembe za damu. EDTA inazivuruga chembe sahani. Kinachotakiwa ni sitrati, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, ile iitwayo ACD-A. Zungusha kwa nguvu kupita kiasi mzunguko wa kwanza, chembe sahani zinashuka na nyekundu. Pitisha kwenye sindano nyembamba kwa pupa, zinaamka kabla ya wakati na zinamwagia akiba yake ndani ya bomba badala ya taya.

Taya la Chini

Maabara Usiku umeniokolea kipande kizima. Naongeza upande wa chumba cha upasuaji: ikiwa na sitrati na haijaamshwa, inaweza kusubiri saa kadhaa mezani bila shida. Ikishaamshwa, saa inaanza kukimbia. Kwa hiyo daktari asiamshe mpaka pengo liko tayari, limesafishwa na linatoa damu vizuri. Nimeona watu wanaamsha kwanza ndipo wanaanza kutafuta skrubu.

Kuhusu kuamsha: zamani walitumia kalsiamu kloridi ya asilimia 10 pamoja na thrombini (protini ya kugandisha damu) ya ng'ombe. Thrombini hiyo imewahi kuwafanya baadhi ya wagonjwa watengeneze kingamwili dhidi ya protini namba tano ya mgando wa damu, ikawa tatizo la kutoka damu siku za mbele. Wengi sasa tunatumia kalsiamu peke yake au thrombini iliyotolewa kwenye damu ya mgonjwa mwenyewe. Ukiambiwa "ni damu yako tu, hakuna kitu kingine", uliza inaamshwa na nini.

Kizibo

Sawa, naona mnasukuma lawama kwenye mfupa wa ng'ombe. Nami nimesoma kidogo. Raghoebar na wenzake, mwaka 2005, Uholanzi: wagonjwa 5 wasio na meno ya juu, sainasi zote mbili zikajazwa mfupa wa nyonga wa mgonjwa mwenyewe, upande mmoja una PRP, mwingine hauna. Miezi 3 baadaye wakakata vipande, tofauti hakuna. Huo haukuwa mfupa wa ng'ombe. Seli hai zilikuwepo, wachezaji wako walikuwa uwanjani. Filimbi ilikwenda wapi?

Taya la Chini

Hili ndilo pingamizi la maana kuliko yote, na sitalipita kwa kuruka.

Kweli, mfupa ulikuwa hai na tofauti haikuonekana. Wagonjwa 5 ni wachache, lakini kila mmoja alikuwa mlinganisho wake mwenyewe, mpango mzuri kabisa, kwa hiyo siwezi kuutupa. Ninavyoona mimi ni hivi. Sainasi ni chumba chenye kuta za mfupa pande nyingi, damu ya kutosha, hakuna kinachotikisa. Mfupa wa nyonga ukiwekwa pale unapona vizuri hata usipoongezewa kitu. Ukiongeza kichocheo mahali ambapo mwendo umeshafika kikomo chake, hutaona kasi. Pengo la Marx lilikuwa kinyume: taya limekatika, sentimita 5 na zaidi, tishu zinazolizunguka zimeshapasuliwa kabla, damu haba. Huko ndiko kichocheo kina nafasi ya kuonekana.

Kwa hiyo niliposema "inategemea unaiweka juu ya nini", ni mambo mawili: pandikizi lina seli hai au halina, na eneo linahitaji msaada au halihitaji. Vyote viwili vikijibiwa "ndiyo", naweka. Kimoja kikiwa "hapana", naiacha, au naiweka kwa sababu nyingine isiyo ya mfupa na namwambia mgonjwa hivyo.

Kizibo

Sababu gani hiyo isiyo ya mfupa? Hapo ndipo ujanja unapoingilia.

Taya la Chini

Ufizi. Tishu laini hufunga vizuri zaidi siku za mwanzo, uvimbe na maumivu ya wiki ya kwanza mara nyingi hupungua, na jeraha lisipofunguka pandikizi linabaki salama. Mapandikizi mengi ninayoyaona yakiharibika hayaharibiki kwa kukosa vichocheo. Yanaharibika kwa sababu mshono umefunguka, mate yameingia, bakteria wamefuata. Nyingine ni ya mikono tu: punje kavu zinasambaa kama zinakukimbia, ukizichanganya na plazma iliyoganda unapata bonge unaloweza kulishika na kulikalisha unapotaka. Si sayansi ya kujivunia, lakini muulize yeyote aliyewahi kujaza ukingo mwembamba wa taya.

Tishu Laini

Mkuu hujataja PRF. Sisi tulio kwenye magonjwa ya fizi PRP tulishaiacha karibu yote. Joseph Choukroun, Ufaransa, 2001: damu bila dawa yoyote ya kuzuia kuganda, inazungushwa mara moja tu, inajigandia yenyewe. Unatoa bonge la fibrini, yaani nyuzi za protini za damu iliyoganda, lenye chembe sahani na chembe nyeupe ndani, unalikandamiza linakuwa utando unaoweza hata kuushona. Hakuna sitrati, hakuna kalsiamu, hakuna thrombini ya ng'ombe. Na vichocheo vinatoka polepole kwa siku 7 au zaidi kwa sababu fibrini inavishikilia.

Taya la Chini

Nilikuwa naiweka kwa ajili ya kipande cha nne lakini umeshaimaliza. Naongeza mawili. Moja, PRF haina subira: damu ikishatoka mkononi inatakiwa iwe kwenye mashine ndani ya dakika moja au mbili, la sivyo inaganda ovyo na unapata tope. Mrija nao uwe wa kioo au wenye silika. Wa plastiki mtupu hauamshi mgando ipasavyo. Mbili, utando wake ni msaada mzuri ngozi laini ya sainasi ikichanika kidogo wakati wa kuinua. Hiyo ni ajali ya kawaida na watu wengi wanaizibia hivyo.

Ila na PRF nayo msiibebe mbali. Kutoa vichocheo kwa siku 7 ni bora kuliko saa moja, lakini bado si miezi 6. Kwenye shimo la jino la hekima la chini, kupunguza maumivu na lile tatizo la shimo kukauka, naiamini. Kwa kujenga kimo cha mfupa peke yake, bila pandikizi wala utando wa kuzuia ufizi usiingie, hapana.

Kuna pia PRGF (plazma yenye vichocheo vingi vya ukuaji) ya Eduardo Anitua wa Hispania, tangu 1999, ambayo inaacha chembe nyeupe nje kwa hoja kwamba zinachochea uvimbe. Wa PRF wanasema chembe nyeupe zinapigana na bakteria. Mwaka 2009 Dohan Ehrenfest na wenzake walijaribu kuzipanga zote katika makundi manne kwa vigezo viwili: zina chembe nyeupe au hazina, fibrini ni nzito au nyepesi. Ni mpangilio mzuri, na bado utasoma ripoti mtu kaandika "PRP" bila kusema ni ipi.

Mama Watatu

Habari zenu. Daktari, naomba kuuliza. Mwanangu wa pili alizaliwa na mdomo wazi, alishonwa mdomo na kaakaa akiwa mdogo. Sasa ana miaka 9, wanasema atawekewa mfupa wa nyonga kwenye ufa wa ufizi. Nimesoma kuhusu PRP nikajiuliza kama niwaombe wamwekee. Na je, kutolewa damu zaidi hakutamdhoofisha?

Taya la Chini

Mama, shikamoo. Kwanza umri uko sawa. Upandikizaji huu hufanyika mara nyingi kati ya miaka 9 na 11, kabla chonge la juu halijashuka, ili lishuke kupitia mfupa mpya na lenyewe liufanye mfupa huo ukae. Wakiangalia picha watasema mzizi wa chonge umefika wapi. Hiyo ina uzito kuliko tarehe ya kuzaliwa.

PRP kwa ufa wa ufizi: mfupa wa nyonga ni hai, kwa hiyo kimantiki inaingia akilini, na kuna wanaoitumia. Matokeo ya muda mrefu, yaani mfupa kiasi gani unabaki baada ya mwaka, yamekuwa mchanganyiko. Wakiamua kuitumia, usiogope. Damu inayohitajika kwa mashine ndogo za siku hizi ni makumi ya mililita na inatolewa akiwa tayari amelala kwa nusu kaputi. Kwenye ile kazi ya Marx walivuta karibu nusu lita kisha wakarudisha sehemu iliyobaki mwilini, lakini wale walikuwa watu wazima wenye mapengo makubwa. Ila usiwaombe kana kwamba bila PRP anakosa kitu kikubwa. Nguvu zako ziweke kwenye meno kusafishwa na kuzibwa kabla ya siku ya upasuaji, na kwenye usafi wa kinywa wiki zinazofuata.

Mama Watatu

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa vizuri, Mungu akubariki.

Nusu Kaputi

Mimi nina maswali mawili ya haraka. Mgonjwa anayekunywa aspirini, PRP yake inafaa? Na aliyewahi kuwa na saratani ya kinywa, hivi vichocheo vya ukuaji havitaamsha kitu?

Taya la Chini

Aspirini inaidhoofisha chembe sahani kwa maisha yake yote, hizo siku 7 hadi 10. Kushikana kwake kunapungua, na umwagaji wa akiba unaweza kupungua pia. Lakini nasema kwa herufi kubwa: USIACHE ASPIRINI YA MOYO KWA AJILI YA PRP. Mfupa wa taya utasubiri, moyo hausubiri. Mwambie daktari unachokunywa, yeye na daktari wako wa moyo waamue.

Saratani: vichocheo hivi vinajishika kwenye ngozi ya nje ya seli na kutoa ishara, haviingii kwenye kiini kubadili jeni, kwa hiyo havizalishi saratani kwa maana hiyo. Hata hivyo kuchochea ukuaji mahali ambapo seli za saratani zinaweza kuwa zimebaki ni jambo ambalo mimi silifanyi. Uvimbe usio wa saratani ni habari nyingine.

Wengine wa kuwa nao makini: wenye chembe sahani chache, wenye maambukizi ambayo hayajatulia, na waliowahi kupigwa mionzi tayani. Hao wa mionzi tatizo lao ni mishipa ya damu iliyokufa. PRP kidogo haitafufua hilo. Wanahitaji mpango mzima, mara nyingi mfupa unaohamishwa pamoja na mshipa wake.

Maabara Usiku

Na mvutaji sigara?

Taya la Chini

Anatolewa damu, anawekewa PRP, halafu anatoka nje kwenda kuibana mishipa ileile tuliyokuwa tunaiita. Huwa nawaambia waache wiki kadhaa kabla na baada. Wakikataa, simwekei PRP kama kafara ya kufidia sigara.

Gego la Juu

Wakuu nimerudi. Nimemuuliza daktari kama ulivyosema: ni ipi, inawekwa juu ya nini, inatarajiwa kufanya nini. Hakukasirika. Amesema atakwangua mfupa wangu kidogo pembeni pale pale dirishani (tundu atakalokata ukutani mwa sainasi ili kuingilia) na kuuchanganya na wa ng'ombe. Kumbe alikuwa anamaanisha PRF, ataitumia kufunika dirisha na kuziba endapo ngozi ya sainasi itachanika. Nikamuuliza kuhusu "haraka", akacheka, akasema haraka ni ya ufizi. Jino tutalizungumzia baada ya miezi 6 na picha mpya.

Kizibo

Huyo ni daktari. Nafunga mdomo kwa leo.

Taya la Chini

Hayo majibu yametosha kabisa, kubali. Mfupa wako mwenyewe ukichanganywa, hata kidogo, ndio utakaokufaa zaidi ya kila kitu tulichojadili humu. Baada ya upasuaji usipenge kamasi kwa nguvu, usinyonye kwa mrija, na ukishikwa na chafya usiibane: acha mdomo wazi itokee huko. Presha ya chafya iliyobanwa inaweza kusukuma punje zote nje ya dirisha.

Gego la Juu

Kwa muda gani hiyo?

Taya la Chini

Wiki mbili hivi, au zaidi akikwambia zaidi. Na ukiona punje zinatoka puani usisubiri miadi, nenda siku hiyohiyo.